Nyimbo Zilizotungwa Gizani: Mashairi ya Mtakatifu Yoane wa Msalaba

Usiku wa tarehe 2 Desemba 1577, katika mji wa Avila nchini Hispania, watu wenye silaha walivunja mlango wa nyumba ndogo iliyokuwa karibu na monasteri ya masista Wakarmeli, wakamkamata padri mmoja mfupi na mwembamba, mwenye umri wa miaka 35 hivi. Padri huyo ndiye Yoane wa Msalaba, muungamishi wa masista hao. Waliomkamata hawakutumwa na wapagani wala na wazushi. Walitumwa na watawa wa shirika lake mwenyewe. Kwa muda wa miaka tisa Yoane alikuwa amefanya kazi pamoja na Mama Teresia wa Avila ili kurudisha katika shirika la Wakarmeli ile kanuni kali ya zamani, na jambo hilo lilikuwa limeleta ugomvi mkubwa kati ya watawa wa desturi ya kawaida na wale wa matengenezo, walioitwa Wakarmeli Peku kwa sababu walikwenda bila viatu. Yoane alipelekwa mpaka Toledo, akahukumiwa kuwa mwasi, akatiwa kifungoni.

Chumba walichomfungia kilikuwa kimetumika zamani kuwa choo cha wageni. Upana wake ulikuwa futi 6, urefu wake futi 10. Hakikuwa na dirisha, ila upenyo mwembamba juu kabisa ya ukuta; naye alipotaka kusoma sala za breviari ilimpasa apande juu ya kibao na kuinua kitabu kuelekea upenyo huo, saa ile ya mchana ambapo mwanga ulifika. Chakula chake kilikuwa mkate na maji, pengine na dagaa. Mara kwa mara alitolewa akapelekwa katika chumba cha kulia, na huko watawa walimzunguka wakampiga kwa mijeledi mabegani. Baridi ya majira ya kipupwe ilimkuta humo, na joto kali la kiangazi likamkuta humo humo, akivaa nguo zile zile mpaka zikaoza mwilini. Akakaa hivyo miezi minane na zaidi. Na katika chumba hicho ndimo yalimoanza mashairi ambayo wajuzi wa lugha ya Kihispania huyahesabu kuwa miongoni mwa yaliyo mazuri kupita yote katika lugha yao.

Kutunga pasipo karatasi

Miezi ya kwanza Yoane hakuwa na kalamu wala wino. Alitunga moyoni, akayaweka mashairi yake kichwani, akayarudia gizani mpaka yakakaa imara. Hapo ndipo msomaji anapoweza kufahamu kazi ya mizani na vina. Watu wengi hudhani kwamba vina ni pambo tu, kama ushanga shingoni: mwili ungekuwa mzima hata bila huo. Mfungwa wa Toledo angewajibu vingine. Sala isiyo na kipimo hutoka kinywani ikapotea. Kesho yake mtu hukumbuka maana yake lakini si maneno yake. Bali ubeti uliopimwa hujilinda wenyewe. Neno moja likianguka, mizani hupungua na sikio hutambua mara moja. Kina kikikosekana, ulimi hujikwaa. Kwa mtu aliyenyang'anywa vitabu, rafiki, altare na jua, mizani zilikuwa sanduku la kuhifadhia imani.

Wakristu wa nchi zinazosema Kiswahili hawana haja ya kufundishwa jambo hilo kwa maneno mengi. Tenzi ndefu za pwani ya Afrika ya Mashariki, ambazo nyingi zilitungwa na Waislamu, zilikaririwa mbele ya watu wengi wasiojua kusoma, wakazishika vichwani mwao. Mathias Mnyampala, mkatoliki wa Tanzania, alipotunga Utenzi wa Enjili Takatifu, alitumia chombo hicho hicho kwa sababu kilikuwa tayari masikioni mwa watu.

Yoane naye alianza kwa chombo cha watu wadogo. Katika Hispania palikuwa na aina ya utungo iitwayo romansi, ambayo watu waliiimba sokoni na njiani, wakisimulia vita vya mashujaa na mapenzi ya mabinti wa wafalme. Kila mshororo wa romansi una mizani 8, sawasawa na kipande cha utenzi wa Kiswahili. Na kama vile kipande cha nne cha utenzi kinavyochukua kina kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, vivyo hivyo romansi hushika sauti moja katika mishororo ya pili, ya nne, ya sita, na kuendelea, bila kuibadili.

Kwa kipimo hicho cha sokoni Yoane alitunga romansi tisa juu ya maneno ya kwanza ya Enjili ya Mtakatifu Yoane. Anasimulia jinsi Baba na Mwana wanavyozungumza milele katika upendo wao, jinsi Baba anavyotaka kumpatia Mwanawe bibi arusi, yaani viumbe vyote, jinsi ulimwengu unavyoumbwa uwe nyumba ya bibi arusi huyo, na jinsi manabii walivyolia wakingoja. Kina kinachopita katika romansi zote tisa ni sauti ya -ia. Msikilizaji anaisikia tangu fumbo la Utatu Mtakatifu, asijue inaelekea wapi; hata katika romansi ya nane malaika Gabrieli anatumwa kwa binti mmoja, na jina la binti huyo linapotamkwa, linaangukia mahali pa kina: Maria. Mwalimu hakutia hapo neno lolote la kueleza. Sikio limekwisha fundishwa kwamba wimbo wote, tangu kabla ya kuumbwa kwa dunia, ulikuwa ukilielekea jina hilo.

Wako wajuzi wanaosema romansi hizo ni kavu na nzito. Ni kweli kwamba hazina uzuri wa mashairi mengine ya Yoane, na mtu anayetafuta uzuri peke yake atazipita haraka. Katekista hatazipita, kwa maana huoni mara nyingi fumbo la Utatu likitiwa katika maneno ambayo mpishi na mchunga kondoo wangeweza kuyaimba.

Chemchemi na usiku

Shairi jingine la kifungoni ni lile la chemchemi. Yoane anasema juu ya chemchemi iliyofichwa, isiyo na asili, ambayo kila asili inatoka kwake. Toka chemchemi hiyo unatoka mto, na toka hiyo miwili unatoka wa tatu, wala mmoja haumtangulii mwingine: msomaji aliyejifunza katekismu anatambua Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, ijapokuwa majina hayo hayatajwi. Mwishoni chemchemi hiyo hiyo inapatikana katika mkate wa uzima, tena Yoane anakiri kwamba ndiyo anayoitamani.

Lakini nguvu ya shairi imo katika kiitikio chake. Kila baada ya mishororo miwili mirefu linarudi neno fupi linalosema tu kwamba ni usiku. Mtungaji anasema anaijua chemchemi, kisha anakiri usiku. Anasema anajua uzuri wake, kisha anakiri usiku. Anafika mpaka Ekaristi, na usiku bado upo. Mtu angetazamia kwamba baada ya beti nyingi za imani kiitikio kitabadilika, na asubuhi itakuja. Haiji. Ndivyo imani ilivyo kwa Yoane: ni kujua kwa hakika katikati ya giza, na giza haliondoki kwa sababu mtu amejua. Kama angelisema hayo kwa maneno ya kawaida, msomaji angekubali na kuyasahau. Kwa kuwa amelazimishwa na kiitikio kurudi usikuni mara nyingi, anayaonja.

Ukitaka kufahamu ni kwa gharama gani beti za mwisho zilitungwa, sikiliza habari hii. Siku ya tarehe 14 Agosti 1578, mkuu wa monasteri aliingia chumbani. Yoane alikuwa amepiga magoti akiinama, akidhani ni mlinzi, hakusimama. Mkuu alimpiga kwa mguu, akamwuliza alikuwa akiwaza nini. Yoane alijibu kwamba kesho ni sikukuu ya Bikira Maria, naye angefarijika sana kama angeweza kuadhimisha Misa. Mkuu akamjibu kwamba haitakuwa hivyo siku zake. Basi yeye aliyetunga wimbo juu ya mkate wa uzima alikuwa padri aliyekatazwa kuugusa mkate huo.

Siku chache baada ya hayo Yoane alitoroka. Mlinzi mpya, mtu mwenye huruma, alikuwa amempa karatasi na wino, pia sindano na uzi. Yoane alilegeza misumari ya kufuli, akachana blanketi, akaunganisha vipande, akashuka usiku kutoka dirishani juu ya bonde la mto Tajo. Asubuhi alibisha mlango wa masista Wakarmeli wa Toledo, akiwa dhaifu hata kusimama kwa shida. Masista walimficha, wakampa mapeasi yaliyopikwa kwa mdalasini. Naye akawasomea kwa kichwa mashairi aliyoyatunga gerezani.

Kipimo cha askari

Miongoni mwa mashairi hayo zilikuwako beti zipatazo 30 za Wimbo wa Kiroho, ulio mrefu na mzuri kupita mengine. Humo bibi arusi, yaani roho, anamtafuta Bwana arusi aliyejificha. Anapita milima na mito, anawauliza wachungaji, anaiuliza misitu na maua. Maneno hayo yanatoka hasa katika Wimbo Ulio Bora wa Agano la Kale. Ni lazima kukumbuka hali ya wakati ule: tangu 1559 Biblia katika lugha ya Kihispania ilikatazwa katika nchi hiyo. Padri Luis de León, mwalimu wa Salamanca, alifungwa tangu 1572 hata 1576, na moja ya mashtaka yake lilikuwa kwamba amefasiri Wimbo Ulio Bora kwa lugha ya watu. Masista waliosali Kilatini bila kukifahamu walipata kwa kinywa cha Yoane, katika lugha ya mama zao, harufu ya kitabu ambacho hawakuruhusiwa kukisoma.

Kipimo cha wimbo huo hakikuwa tena cha sokoni. Yoane alichagua kipimo kiitwacho lira. Ubeti wa lira una mishororo mitano: wa kwanza, wa tatu na wa nne ni mifupi, mizani 7, wa pili na wa tano ni mirefu, mizani 11. Mshororo wa kwanza na wa tatu hushiriki kina kimoja. Wa pili, wa nne na wa tano hushiriki kingine, hata ubeti hufungika mwishoni kwa vina viwili vinavyofuatana. Aliyeuleta utungo huo katika Hispania ni Garcilaso de la Vega, mwenyeji wa Toledo hiyo hiyo, askari wa mfalme, aliyekufa 1536 kwa majeraha ya vita. Garcilaso aliutumia kwa kubembeleza mwanamke ampende rafiki yake.

Je, yafaa padri atwae kipimo cha mapenzi ya dunia na kukitumia kwa mambo ya Mungu? Wengine wa wakati ule waliona yafaa kabisa. Mwaka 1575 Sebastián de Córdoba alichapisha kitabu ambamo aliyatwaa mashairi ya Garcilaso na rafiki yake Boscán, akageuza maneno yao yawe ya dini, na Yoane mwenyewe anakitaja kitabu hicho. Kazi ya Córdoba ilikuwa na nia njema, ila ni kama mtu anayemvisha mwenzake kanzu iliyoshonwa kwa mwili mwingine: mikono inapwaya, shingo inabana. Aliondoa jina la msichana akaweka jina takatifu, na shairi likabaki lile lile. Yoane hakuazima maneno ya askari. Aliazima mwendo wake, ule wa mishororo mifupi inayokimbia na mirefu inayopumzika, kwa sababu ulifanana na mwendo wa mtu anayetafuta, anayesimama kidogo kusikiliza, kisha anaendelea.

Maneno ya Mungu, maneno ya mtu

Baada ya kutoroka, Yoane alikwenda kusini, katika Andalusia, akafika katika monasteri ya masista wa Beas. Huko aliacha kijitabu chenye mashairi yake. Sista mmoja, Magdalena wa Roho Mtakatifu, aliyasoma akastaajabu, akamwuliza kama Mungu ndiye aliyempa maneno hayo mazuri. Yoane alimjibu kwamba pengine Mungu alimpa, na pengine aliyatafuta mwenyewe.

Jibu hilo fupi ni somo zima, na lastahili kukaliwa. Angeweza kusema kwamba yote yalitoka mbinguni; sista angemsadiki na kumheshimu zaidi. Angeweza pia kusema, kwa unyenyekevu wa uongo, kwamba ni kazi yake tu isiyo na maana. Alisema ukweli wa fundi. Alikuwa mwana wa wafumaji maskini. Baba yake alifukuzwa na jamaa zake, wafanya biashara wa hariri, kwa sababu alioa mwanamke fukara, akajifunza kwa mkewe kazi ya kufuma. Yoane mwenyewe utotoni alijaribiwa katika useremala, ushonaji, uchongaji na upakaji rangi. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba uzi hupewa, bali kitambaa hufumwa. Neema haikumwondolea kazi ya kutafuta neno lenye mizani saba lililokosekana, na kazi hiyo haikuifukuza neema.

Maelezo yasiyokwisha

Masista waliyapenda mashairi, wakataka maelezo. Mama Ana wa Yezu, mkuu wao, aliomba Wimbo wa Kiroho uelezwe ubeti kwa ubeti, na Yoane akamwandikia maelezo hayo mwaka 1584. (Mama huyo baadaye alipeleka matengenezo ya Karmeli katika Ufaransa na Ubelgiji, akafa Bruseli 1621, na katika mji huo huo Papa Fransisko alimtangaza mwenye heri tarehe 29 Septemba 2024. Ni Bruseli pia ambapo Wimbo huo ulipigwa chapa kwa Kihispania mwaka 1627, kwa maana kitabu cha kwanza cha maandiko ya Yoane, cha mwaka 1618, hakikuutia.)

Katika utangulizi wa maelezo hayo Yoane anasema jambo la ajabu kwa mtu aliyekaa kufasiri. Anasema maneno yaliyotoka katika upendo wa Mungu hayawezi kuelezwa vema. Kwamba yeye ataangaza kidogo tu. Tena kwamba ni afadhali kuyaacha maneno hayo katika upana wao, kila mmoja afaidike kwa kadiri ya roho yake, kuliko kuyabana katika maana moja isiyofaa kila ulimi. Wala msomaji hafungwi na maelezo yake. Walimu wengi wa dini wangeogopa kusema hivyo. Wao hupenda kila mfano uwe na maana moja, iandikwe ubaoni, wanafunzi waikariri. Yoane, ambaye baadaye mwaka 1926 Kanisa lilimwita Mwalimu wake, alijua mafundisho ya imani kwa usahihi mkubwa. Lakini hakuchanganya usahihi wa fundisho na ufinyu wa shairi.

Jambo hilo linaonekana zaidi katika shairi la Usiku wa Giza, alilolitunga baada ya kutoka kifungoni. Ni beti 8 tu za lira, mishororo 40. Mtu anatoka nyumbani kwa siri usiku, hana taa ila moto wa moyoni mwake, anamfikia Mpenzi wake, na mwishoni anaacha kila kitu na kujisahau. Katika mishororo yote 40 jina la Mungu halitajwi hata mara moja. Asiyejua angedhani ni wimbo wa mapenzi ya watu wawili, na hakika ni wimbo wa mapenzi. Ila usiku ule ambao kifungoni ulikuwa adui, humu unashukuriwa kuwa kiongozi, wenye kupendeza kupita mapambazuko.

Juu ya beti hizo 8 Yoane aliandika vitabu viwili vikubwa, Kupanda Mlima Karmeli na Usiku wa Giza, akieleza jinsi Mungu anavyoitakasa roho. Kurasa ni mamia. Katika vyote viwili hakupita mwanzo wa ubeti wa tatu. Beti tano za mwisho, zile za furaha na kuungana, hazikuelezwa kamwe. Wengine husema kazi nyingi za ukuu zilimzuia. Wengine husema karatasi zilipotea. Kwa vyovyote, shairi limekwisha na maelezo hayajaisha, na hata leo anayetaka kujua Yoane alisema nini juu ya mwisho wa safari ile hana budi kurudi kwenye beti zenyewe.

Mwaka 1591 Yoane aliugua mguu, akapelekwa Ubeda. Usiku wa tarehe 13 Desemba watawa walikusanyika kitandani pake, wakaanza sala za kuwaombea wanaokufa. Yoane aliwaomba waache, wamsomee Wimbo Ulio Bora. Mkuu wa nyumba akafungua kitabu, akamsomea, naye mgonjwa akasema hizo ni lulu za thamani. Ilipofika saa sita kengele ikalia kuwaita watawa kwenye sala ya usiku. Aliuliza ilikuwa inalia kwa nini, wakamwambia, akasema ataiimba mbinguni.